Pasi ya Mama Povu

Rafiki yangu Mrefu,

Salamu zangu zikufikie huko kambini kwenu, na Mungu ajalie zikukute umesimama kwa miguu yako miwili, una afya na hamu ya kula. Kile kikohozi cha vumbi la barabara ulichonieleza zamani, natumaini kimekuachia. Na greda lako je, bado linagoma asubuhi kama mtoto asiyetaka shule? Huku sisi tupo, tunajikongoja, leo afadhali, kesho tutaona. Mke wangu anakusalimu sana. Binti zangu nao wanakusalimu. Yule mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akitoa shikamoo unatoka upepo mtupu.

Mama yako yu hai. Nalisema mapema ili usisome barua hii moyo ukikudunda. Amekonda, magoti yanamsumbua, lakini yu hai na akili zake ni timamu, timamu kuliko alivyokuwa akidhani mwenyewe. Hilo utalielewa mbele.

Mwandiko huu unaujua. Tangu uondoke umeshapokea barua tatu zenye mwandiko huu: moja niliyokupashia habari ya moto, na mbili za mama yako, yeye akisema na mimi nikiandika. Hii ni ya nne, na maneno yake yote ni yangu. Nakuomba kitu kimoja tu, uisome mpaka mwisho. Ukifika mahali ukatamani kuichana, vumilia. Ichane ukishaimaliza.

Nianze na habari za ua wetu, maana najua hata ukikasirika namna gani, mtu hasahau mahali alipojifunzia kutembea. Upande ule ulioungua umejengwa upya. Ninaposema umejengwa usifikiri matofali. Mwenye nyumba ameleta plaiwudi zile zile nyembamba, mtu wa chumba hiki akipiga chafya wa chumba cha pili anaitikia. Pale palipokuwa na vyumba vitano amepata saba. Sasa ua una vyumba kumi na vitatu, bomba ni lile lile moja, na choo ni kile kile, mlango wake haufungiki, mtu akiingia anaimba ili wenzake wajue kuna mtu. Asubuhi utasikia nyimbo za kila aina. Wapangaji wapya hawajui kilichotokea. Wanaona tu ukuta wa jirani una weusi juu, wakiuliza wanaambiwa, kulikuwa na moto, dobi mmoja alisahau pasi.

Kwenye kibaraza cha fundi viatu sasa anakaa mtu anayeuza vocha na betri. Kila nikipita pale macho yangu yanashuka chini kumtafuta Mguu Mzuri na nyundo yake. Wewe ndiwe uliyempa jina lile tukiwa wadogo, kwa ajili ya ule mguu wake mfupi, na badala ya kukasirika akalipenda, akaliandika kwa chokaa ukutani: MGUU MZURI, FUNDI VIATU, INGIA UKICHECHEMEA UTOKE UKITEMBEA. Unakumbuka alivyokuwa akisema kwamba foleni ya choo ndiyo serikali pekee isiyopendelea mtu? Najua alichokuwa kwako. Najua kwamba siku ya kukuandikisha shule, mwalimu alipouliza jina la baba na mama yako akanyamaza, ni yeye aliyechechemea mbele akasema, andika langu. Ndiyo maana sikushangaa ulipoyaandika yale uliyoyaandika. Ningekuwa wewe, na ningekuwa naamini ulichoamini, labda ningeandika makali zaidi.

Habari za moto ulizipata kwangu, lakini nilikupa kwa ufupi. Ngoja nikueleze upya, maana mara ile nilikuwa na haraka ya kufika mwisho.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wengi wako kazini. Mama yako alikuwa ametoka na furushi la nguo alizopiga pasi, anazipeleka kwa wenyewe. Waliobaki uani walikuwa wanawake wachache na Mguu Mzuri, ambaye mguu ulikuwa umemvimba akashindwa kwenda kibarazani. Mshonaji wa chumba cha sita anasema alisikia kitu kama mtu anayepasua karanga juu ya dari, akatoka nje, akaona moshi unatoka kwenye bati juu ya chumba cha nne na cha tano, yaani chumba cha mama yako na cha Mguu Mzuri. Plaiwudi unazijua. Kabla hajamaliza kupiga kelele, moto ulikuwa umeshika vyumba vitatu. Bomba siku ile lilikuwa halitoi maji. Watu walitupa mchanga, walitupa maji ya kufulia, mmoja alitupa hata chai yake.

Mguu Mzuri alitoka. Hili sikukuandikia mara ile. Alitoka salama, akakaa chini pale karibu na bomba, akavuta pumzi. Kisha akakumbuka viatu. Viatu vya watu, jozi kumi na nne, vilivyoletwa kutengenezwa. Mshonaji alimshika shati. Yeye akamwambia, "Mama, hivi si vyangu. Vyangu ningeviacha," akaingia tena. Walimtoa kupitia ukuta wa nyuma baada ya kuvunja mbao. Akakaa hospitali siku tatu. Siku ya pili nilikwenda kumwona, akaniuliza kama jozi ile nyekundu ya mwalimu imepona. Nikamwambia imepona. Siku ya tatu hakuamka.

Mama yako alirudi na kitambaa chake kitupu kichwani, akakuta moshi na watu. Swali la kwanza aliloulizwa, na sitaki kusema ni nani aliyeuliza maana baadaye walikuwa wengi, ni hili: "Mama Povu, pasi umeiacha wapi?" Akasema ameiacha chumbani, imemwagwa makaa yake. Wakauliza una hakika? Akasema nina hakika. Wakauliza tena. Siku ya pili wakauliza tena. Siku ya kuzika walimuuliza mbele ya jeneza. Mrefu, hakika ya mtu ni kama sabuni, ukiisugua kila siku inakwisha. Wiki ya tatu alianza kujibu, "Nadhani niliimwaga." Mwezi wa pili akawa anajibu, "Sijui, wanangu. Labda nilisahau."

Mwenye nyumba alimtoa uani. Alimwambia wapangaji hawatalala na mtu wa makaa. Akaenda kuishi nyuma ya ghala la chupa tupu, kwenye kibanda cha mabati ya madebe na maboksi, karibu na mfereji. Mvua ikinyesha anapandisha kitanda juu ya matofali. Na huko hakukaa akalia. Alikuja uani siku moja na beseni lake, akasimama katikati, akaziambia familia tatu zilizounguliwa kwamba hana kitu cha kuwalipa ila mikono, na kuanzia siku hiyo atawafulia nguo zao mpaka watakapomwambia basi. Mshonaji alikataa mwanzoni. Akasema haiwezekani mtu mzima kama yule amfulie bure. Lakini nguo zikaanza kwenda, kwanza mashuka, halafu sare za watoto, halafu hata za wageni waliokuja kutembea. Watu wakiizoea toba ya mwenzao huigeuza haki yao. Mwaka mzima na zaidi sijasikia mtu aliyesema basi.

Na moto amekuwa akiuogopa. Hawashi jiko. Hawashi taa wala mshumaa. Anakula mkate na vitu vilivyopoa anavyopewa na watu. Pasi ile iliyotolewa kwenye kifusi aliitupa mferejini mwenyewe. Mtu akiwasha kiberiti karibu naye anasimama, anasubiri mpaka njiti izimike, kisha anaiokota na kuilowesha mate kwa vidole.

Barua yako ilipofika, aliileta kwangu siku hiyo hiyo, ameikunja ndani ya kanga kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa na furaha. Aliniambia, "Mwanangu ameandika, soma polepole." Nikaisoma. Nilisoma pale uliposema kwamba ulimwonya zaidi ya mara kumi kuhusu pasi ile. Nilisoma pale uliposema amemuua baba pekee uliyepata kumjua. Nilisoma mpaka ule mstari wa mwisho, kwamba asikutaje tena mbele za watu kuwa mwanawe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, vidole vimejikunja kwa sababu ya maji. Aliniuliza kama imekwisha. Nikasema imekwisha. Akasema, "Ana haki." Kisha akaniomba niandike jibu, na jibu hilo ulilipata: lilikuwa na maneno manne ya msamaha na salamu. Ile barua yake ya pili, ya kukuuliza hali, hukuijibu. Simlaumu mtu.

Mimi nimeacha kazi ya umeme, nadhani hilo hukulijua. Koleo na bisibisi nimempa fundi mwingine. Siku hizi nabeba magunia ghalani. Watu wakiuliza kwa nini nimeacha kazi ya akili nikashika ya mgongo, nawajibu macho yangu yameanza kuchoka. Macho yangu ni mazima.

Sasa Jumanne iliyopita, saa za adhuhuri, mama yako alinifuata ghalani. Hajawahi kunifuata kazini. Alikaa juu ya gunia nikamletea maji. Akaniambia amepata nafasi kwenye ile nyumba ya wazee wasio na watu, kule nje ya mji, na kwamba kabla hajaenda anataka nikuandikie barua ya mwisho ili mambo yaishe vizuri. Nikatoa kalamu. Akasema, "Andika hivi: Mwanangu, sasa nimekumbuka."

Nikamuuliza amekumbuka nini.

Akanieleza, Mrefu. Akanieleza kwa utulivu kabisa jinsi asubuhi ile alivyoiweka pasi juu ya sanduku la nguo, makaa yakiwa bado mekundu ndani, akaifunika kwa kitambaa ili vumbi lisiingie, akachukua furushi akatoka. Alikumbuka mpaka rangi ya kitambaa. Alisema imemjia polepole, usiku na mchana amekuwa akiitafuta, na sasa ameiona. Alisema amefarijika, kwa sababu kutojua ni kubaya kuliko kujua. "Mwandikie hivyo," akaniambia, "asije akafikiri nilikuwa namficha."

Kalamu ilikuwa mkononi na sikuandika neno. Maana mimi asubuhi ile nilikuwepo.

Nilikuwa bombani kabla ya kwenda kazini, nasubiri kama maji yatatoka. Nilimwona mama yako akitoka na pasi yake ameishika kwa kitambaa, akaifungua juu ya mfereji, akamwaga makaa yote, akayamiminia maji ya sabuni. Yalilia chwaaa, mvuke ukanipiga usoni. Akacheka akaniambia, "Waya, leo umeogeshwa bure." Kisha akairudisha pasi ndani, tupu, mdomo wazi. Hakuifunika kwa kitambaa chochote. Alichokikumbuka Jumanne hakikutokea. Tumekitengeneza sisi ndani ya kichwa chake, kwa kumuuliza na kumuuliza, na fundi mkuu wa kazi hiyo nilikuwa mimi.

Moto ule ulikuwa wangu.

Unajua jinsi umeme wa ua ule ulivyokuwa. Mita moja, vyumba kumi na kimoja, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kuongeza nyaya nzuri. Kila aliyetaka taa alikuja kwangu, nikamvutia. Kila mmoja aliongeza kitu kidogo: redio, feni, kinyozi na mashine yake. Mwishoni mama anayeuza barafu, yule wa chumba cha tatu, alinunua friza kuukuu, akaniomba nimvutie laini yake peke yake. Nilitumia waya mwembamba niliokuwa nao. Haukutosha, nikauunga, na maungio yakaangukia juu ya dari kati ya chumba cha nne na cha tano. Mama yako mwenyewe hakuwa na hata taa yangu moja. Katika ua mzima, ni yeye peke yake ambaye hakuwa mteja wangu. Waya ulipita tu juu ya kichwa chake.

Wiki moja kabla, mshonaji aliniambia anasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikapanda nikaangalia. Maungio yalikuwa ya moto, yananichoma kidole. Tepu ilikuwa imeniishia, nikayafunga kwa mfuko wa nailoni. Niliufunga mfuko wa nailoni kwenye waya wa moto, mimi niliyekaa miaka kumi na mbili katika kazi ile. Nikashuka nikamwambia mshonaji kwamba Jumamosi nitakuja kuyafanya vizuri. Jumamosi nikapata kazi kwingine.

Asubuhi ya pili baada ya moto, kabla maofisa hawajafika, niliingia kwenye kifusi. Niliyakuta yale maungio. Shaba ilikuwa imeyeyuka ikawa tone, kama ushanga. Nililichukua nikalitupa shimoni chooni. Kisha maofisa wawili wakaja na daftari. Walikuwa na haraka, walikuwa na moto mwingine wa kwenda kuuandika. Wakauliza nani anajua umeme wa hapa, watu wote wakanielekeza mimi. Wakaniuliza kama inawezekana ulikuwa umeme. Nikasema hapana, umeme ungekuwa na hitilafu swichi kubwa ingekata. Wakauliza chumba kile cha nne kilikuwa na nini. Nikasema, "Kulikuwa na pasi ya mkaa."

Haikuwa uongo. Pasi ilikuwepo. Nilichukua kweli moja nikafunikia nyingine, na mpaka leo sijaona uongo uliofanya kazi vizuri namna ile. Sikumtaja mama yako. Sikuhitaji. Mshonaji aliniuliza pembeni, "Na ile harufu, fundi?" Nikamwambia niliitengeneza ikaisha. Akaamini, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Wiki hiyo hiyo nikakuandikia wewe kwamba moto ulianzia chumbani kwa mama. Niliifikiria sana sentensi hiyo ili isiwe uongo pia. Na barua yako ilipokuja nikaisoma yote. Ningeweza kuruka mstari ule wa mwisho, mama hajui kusoma, asingejua. Niliusoma kwa sababu kila neno lililomwangukia yeye lilikuwa linanikwepa mimi. Ndivyo nilivyokuwa, ndugu yangu. Nilijiambia nina mke na watoto wadogo, nikifungwa watakula nini. Nilijiambia Mguu Mzuri hatafufuka. Nilijiambia mama yako ni mzee, watu watasahau. Jumapili zote nilimpelekea mkate, nikajiona mtu mwema.

Jumanne ile nilimdanganya kwamba kalamu imekwisha wino. Nikarudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Alizikunja mpaka ya mwisho, akauliza, "Mama Povu anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa mimi unaniambia ya nini? Nenda kwake." Tangu hapo tunasemezana mambo ya chumvi na maji tu. Nilimkuta jana amejifunga kanga kiunoni, ananisafishia viatu vyangu, analia. Sikuthubutu kumuuliza analia nini.

Alhamisi asubuhi nikaenda nyuma ya ghala la chupa. Nilimkuta ameanika sare za watoto wa mshonaji. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitayapamba. Nilimweleza friza, waya, mfuko wa nailoni, tone la shaba, maofisa. Nilimweleza kwamba nilimwona akimwaga makaa. Alinitaka nirudie hapo. Nikarudia. Akanitaka nirudie tena, polepole, na nimwambie alisema nini. Nikamwambia: ulisema, Waya, leo umeogeshwa bure.

Akakaa chini kwenye tope, hivi hivi, na kanga yake safi. Nilidhani ameanguka, nikamsogelea, akanizuia kwa kiganja. Akasema, "Kwa hiyo sikusahau." Nikasema hukusahau, Mama. Akasema, "Kwa hiyo kichwa changu ni kizima." Nikapiga magoti nikaanza kuomba radhi, na mwaka mzima nilikuwa nimeyapanga maneno yale. Hakunisikiliza. Aliniambia, "Hayo yako utayaleta siku nyingine, na sikuahidi kama nitayapokea. Leo niache nifurahi." Nikaondoka. Nilipogeuka nilimwona bado amekaa pale pale, anajipigapiga paji la uso kwa vidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

Jana Jumamosi, saa kumi jioni, wakati watu wote wako bombani, nilisema mbele ya ua mzima. Mama Barafu alipiga yowe akasema friza yake ndiyo imemuua mtu. Nikamwambia friza haikujiunganisha. Kinyozi alinipiga kofi, kisha akaangalia mkono wake kama si wake. Mshonaji hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili." Akaingia chumbani, akatoka na nguo zake chafu za wiki nzima alizokuwa amemfungia Mama, akazimwaga chini karibu na bomba, akaanza kuzifua mwenyewe mbele ya watu. Alipomaliza, mikono ikiwa bado na povu, akaondoka kuelekea nyuma ya ghala la chupa. Walisemezana nini sijui. Lakini jana mama yako alilala uani, chumba cha sita, kwenye kitanda cha mshonaji, na mshonaji akalala chini. Habari za nyumba ya wazee sijazisikia tena.

Mwenye nyumba naye alikuja, habari hukimbia kuliko moto. Alinivuta kando akaniambia mambo yamekwisha poa, maofisa walishaandika, nikienda kituo cha polisi nitaunguza watu wengi, yeye mwenyewe na watoto wake wakiwemo. Alizungumza kwa upole sana. Miezi kumi na minne iliyopita ningembusu mkono. Nilimwambia kwamba nitakapoulizwa nani alijua kuhusu mita moja na vyumba kumi na kimoja, nitajibu.

Basi ndugu yangu, hizo ndizo habari. Sikuombi msamaha. Nisingekuwa na uso wa kuuomba kwako kabla mama yako hajaamua lake. Wala usijichome moyo sana kwa yale uliyomwandikia. Uliyaandika juu ya habari niliyokupa mimi, na mtu aliyepewa ramani mbovu halaumiwi akipotea. Lakini ukikaa kimya kuanzia leo, kimya hicho kitakuwa chako mwenyewe.

Ukimwandikia, usipitishe kwangu. Binti wa mshonaji yuko darasa la saba, anasoma vizuri bila kukwama, naye ameahidi kumsomea. Kesho Jumatatu asubuhi nitaitia barua hii posta kwanza, halafu nitavuka barabara niende kituoni. Nimeipanga hivyo kwa makusudi, kwa sababu nikianzia kituoni naweza nisipate nafasi ya kufika posta. Mke wangu ameniwekea sweta. Amesikia kwamba sakafu za kule ni baridi.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, na yule mpishi wenu uliyewahi kunisimulia kwamba anapika akiwa amevaa kofia ya chuma. Jitunze kifua chako, vumbi lisikuzoee.

Leo asubuhi nilimuuliza mama yako, nikiwa nimesimama mlangoni maana kuingia sijakaribishwa, kama ana neno la kukuletea. Alisema hataki barua nyingine ndefu, zimemchosha. Alisema, "Mwambie aje. Asibebe kitu cha kuniletea. Abebe nguo zake chafu."

Ni mimi, niliyekuwa rafiki yako,

Waya